Zana za Kwanza za Mkerezaji wa Mbao, Ruiru hadi Thika

Zana za kukereza mbao hugawanyika kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti zikilinganishwa na mhimili wa mashine. Mbao ikifungwa nyuzi zikienda sambamba na mhimili, kutoka kichwa cha mashine hadi kichwa cha nyuma, kazi inayotoka huwa ndefu na nyembamba: mguu wa kitanda, nguzo ya ngazi, kifimbo cha kusukumia chapati, mchi, mpini wa patasi. Ikifungwa nyuzi zikikingama mhimili, kazi huwa pana na fupi: bakuli, sahani, kiti cha kigoda. Katika kazi ndefu makali hukutana na ubavu wa nyuzi muda wote. Katika kazi pana, kila mzunguko mmoja huyaletea makali ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha zake mara mbili, na kila ncha inayopita huipiga zana. Hapo ndipo panapoamuliwa bobari (patasi yenye mfereji) ipi itumike na ipi isiguse mbao hiyo kabisa, hata kabla ya kuuliza bei.

Karakana za Kiuu, wadi ya eneobunge la Ruiru, na zile zilizotapakaa kando ya Barabara Kuu ya Thika kupitia Juja, huishi kwa samani. Kinachotafutwa kwa mkerezaji huko ni miguu ya vitanda na meza, nguzo za ngazi, vifungo vya droo na vichwa vya fimbo za pazia. Fundi wa kitanda mara nyingi hana mashine. Huipeleka mbao ya mraba kwa mwenye mashine na kurudi na mguu uliokamilika. Hii ni kazi ya nyuzi sambamba, kazi ndefu. Vitabu vingi vya kufundishia vinavyotoka Ulaya na Marekani huandikwa kwa ajili ya mtu anayekereza kujifurahisha, na huyo hutamani bakuli siku ya kwanza. Anayeanzia Ruiru akifuata orodha hizo atanunua zana ghali ya bakuli na kuiacha ukutani, huku akihangaika kukata mguu wa meza kwa patasi ya useremala.

Kabla ya zana huja kasi ya mashine, kwa sababu zana nzuri kwenye kasi mbaya haifai kitu. Mashine nyingi za jua kali hujengwa kwa vyuma vya pembe, beringi mbili, na mota ya umeme wa kawaida wa volti 240. Mota ya aina hii kwenye umeme wa Kenya wa hezi 50 huzunguka takriban mara 1450 kwa dakika, na ile ya kasi zaidi takriban mara 2900. Wakerezaji hukadiria kasi kwa kuzidisha kipenyo cha mbao kwa inchi na idadi ya mizunguko kwa dakika. Jibu likiwa kati ya 6000 na 9000, kasi inafaa kwa mbao iliyokwisha kuwa mviringo na kukaa sawa. Mguu wa inchi 3 hivyo huhitaji mizunguko 2000 hadi 3000. Kifimbo cha chapati cha inchi 2 huvumilia zaidi, ingawa anayejifunza hana haraka ya kufika huko. Bakuli la inchi 8 linataka mizunguko 750 hadi 1100 hivi, na mota ya 1450 iliyounganishwa moja kwa moja ni kasi ya hatari kwake. Dawa ni puli za ngazi: puli ya inchi 6 kwenye mota ikivuta ya inchi 3 kwenye mashine huongeza kasi maradufu, na zikibadilishana nafasi kasi hupungua nusu. Mbao ambayo bado ina kona huanza kwa kasi ya chini kuliko hesabu hiyo, bila kujali ukubwa wake.

Zana ya kwanza ya kazi ndefu ni bobari ya kuviringisha, ile pana yenye mfereji wa nusu duara na mdomo ulionyooka, ya upana wa milimita 20 hivi. Kazi yake ni kuondoa kona za mbao ya mraba hadi iwe mche wa duara. Ni zana ya kusamehe: mlalo, yaani ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali, huwekwa kwanza juu ya mbao bila kukata, kisha mpini huinuliwa taratibu mpaka maranda yaanze kutoka. Mazoea hayo ya kuanza na mlalo na kumalizia na makali ndiyo msingi wa zana zote zinazokata, na hakuna inayoyafundisha vizuri kuliko hii.

Bobari hiyo hiyo ndiyo yenye hatari kubwa ikitumiwa pasipo pake. Kwa kawaida msuka wake, ule mkia unaoingia ndani ya mpini, ni bapa na mwembamba, na huko ndiko nguvu yote ya pigo huishia. Kwenye mguu wa kitanda pigo ni dogo. Kwenye bakuli, nyuzi za ncha zikiung'ata mdomo mpana wa bobari, msuka unaweza kukatika na chuma kuruka usoni mwa fundi. Bobari ya kuviringisha haipelekwi kwenye bakuli kwa vyovyote. Anayenunua zana iliyokwisha kutumika, isiyo na maandishi, autazame msuka kabla ya kuutazama mdomo: ulio bapa ni wa kazi ndefu peke yake.

Patasi ya mshazari ndiyo zana inayogombaniwa zaidi katika fani hii. Makali yake yamekatwa upande, yakiacha ncha ndefu na kisigino kifupi, na yamenolewa pande zote mbili. Mikononi mwa anayeijua husawazisha mche hadi msasa uwe wa kupitisha tu, hukata mfereji wa umbo la V na kuviringisha shanga za mguu wa kitanda. Mikononi mwa mgeni, ncha ndefu huzama ghafla na kuchora ond mbao nzima. Wengi hushauri iachwe mpaka baadaye, na wengine huiacha maisha yao yote. Kwa fundi anayetegemea kazi ndefu ushauri huo ni mbaya. Mguu uliokwanguliwa badala ya kukatwa hula msasa kwa wingi, na msasa hununuliwa kila wiki ilhali patasi hununuliwa mara moja. Yenye upana wa milimita 20 hutulia mkononi kuliko nyembamba. Kinachotakiwa ni kukata kwa sehemu ya chini na ya katikati ya makali, ncha ndefu ikikaa mbali na mbao, na kuwa na vipande vya kuharibu: mabaki ya msaipresi kutoka kwa muuza mbao yanatosha.

Ya tatu ni patasi ya kukatia, nyembamba, ya milimita 3. Watu huidhani ni ya kutenganisha kazi iliyokwisha, na kweli huitenganisha, lakini thamani yake kwa mwenye karakana iko kwenye vipimo. Meza ina miguu minne, na mteja hutazama mguu mmoja akiulinganisha na mwingine. Mkerezaji huchora kwenye kiolezo cha ubao mahali pa kila shanga, kila bonde na kila shingo, akahamishia alama kwenye mche unaozunguka kwa penseli, kisha akashusha patasi ya kukatia katika kila alama huku ameshika kalipa kwa mkono wa pili. Kalipa ikipita, kipenyo kimefika. Baada ya hapo zana nyingine huunganisha mifereji hiyo kwa macho. Kiolezo, kalipa na patasi hii ya bei ndogo humfaa fundi wa miguu ya meza kuliko bobari yoyote ya pili atakayoongeza.

Zana ya nne, bobari ya mfereji usio na kina na mdomo uliochongwa kama ukucha, yenye kipenyo cha milimita 10, hukata mabonde na maumbo madogo kama vifungo vya droo. Zikiwa hizo nne, hakuna mguu, nguzo wala mpini usioweza kukerezwa. Pwani, ambako miguu ya vitanda ya Lamu ilikerezwa kwa keezo linalozungushwa kwa upinde, mbao ilienda mbele na kurudi nyuma na makali yakakata upande mmoja tu wa mwendo. Umaridadi wa vitanda hivyo haukutokana na wingi wa zana.

Masanduku ya zana nane yanayouzwa kwa pamoja huvutia jicho. Ndani yake huwa na vikwanguo vitatu vinavyofanana, bobari mbili zinazokaribiana ukubwa na patasi moja isiyo na makali. Bei ya kila moja ikitazamwa peke yake ni ndogo, na kwa kawaida chuma chake husema hivyo. Kuna namna mbili za chuma zinazokutikana. Cha kaboni hunoleka upesi na kupata makali membamba sana, lakini kikipata moto kwenye jiwe hadi rangi ya samawati, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu wake umekwisha hapo na sehemu hiyo yote lazima isagwe iondoke. Cha pili ni kile kinachopigwa muhuri wa HSS, yaani chuma cha kasi (high-speed steel). Asili yake ni majaribio ya Frederick Winslow Taylor na Maunsel White katika kiwanda cha Bethlehem Steel huko Marekani, yaliyooneshwa kwa ulimwengu katika Maonyesho ya Paris ya 1900. Madini ya tangsteni, molibdeni, kromi na vanadi yaliyomo hukifanya kihimili zaidi ya nyuzi 500 bila kulegea. Kwanza kilikuwa cha mashine za kukata chuma. Wakerezaji wa mbao walikizoea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na viwanda vya Sheffield nchini Uingereza, kama Robert Sorby iliyoanza 1828, vikakifanya cha kawaida. Kwa anayenolea kwenye jiwe la kasi asilolizoea, HSS humsamehe makosa ambayo kaboni haiyasamehe.

Zana ya kuagiza si njia pekee. Mafundi vyuma wa Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi, na wenzao wa Thika, hufua patasi na bobari kutokana na chuma kikuukuu, na swali la maana ni chuma gani. Springi bapa ya gari ina kaboni ya wastani na imetengenezwa ipinde bila kuvunjika. Ikipashwa moto, ikatiwa mafuta, kisha ikarudishiwa joto hadi rangi ya majani makavu, hutoa kikwanguo au patasi ya kukatia inayoaminika. Tupa kuukuu ni jambo jingine. Kaboni yake ni nyingi na imekomazwa hadi mwisho ili iweze kukwangua chuma kingine, kwa hiyo ni ngumu na ni rahisi kuvunjika kama kioo. Fundi anayesaga tupa na kuikaza juu ya kiegemeo cha zana huwa amejitengenezea vipande vya kumrukia. Tupa iliyolegezwa vizuri huweza kuwa kisu cha kuwekea alama, ikae huko huko. Nondo ya ujenzi, kwa upande wake, haivunjiki wala haishiki makali.

Hata hivyo chuma laini kina nafasi yake. Zana za kabaidi, zenye kipande kidogo cha mraba au duara kinachofungwa kwa skrubu mwishoni mwa fimbo, hazihitaji fimbo ngumu. Karakana yenye kekee na vyombo vya kuchonga hesi inaweza kutoboa fimbo ya mraba ya milimita 12 na kufunga kipande hicho bila kuagiza zana nzima. Makali ya kabaidi hudumu mara nyingi zaidi ya chuma, na yakichoka kipande hugeuzwa upande wa pili. Hayahitaji jiwe, na kwa mwenye mashine ndogo nyumbani ambaye hana mahali pa kuweka grainda hilo latosha kumaliza mjadala. Kasoro yake ni kwamba kipande bapa hukwangua zaidi kuliko kukata. Juu ya mbao laini kama msaipresi huzinyofoa nyuzi, na vipande vya badala mara nyingi huagizwa kutoka nje. Kwa kazi ya miguu mia, bobari iliyonolewa dakika hiyo huacha uso safi zaidi.

Kunoa ndiko kunakoamua bajeti. Mwenye pesa za zana tano anunue tatu na jiwe. Grainda ya mezani ya inchi 6 inayopatikana katika maduka ya hadiwea huzunguka karibu mara 2900 kwa dakika, na huja na mawe ya kijivu yaliyokusudiwa kusagia vyuma vya kawaida. Mawe hayo hupasha zana moto upesi. Jiwe jeupe la oksidi ya alumini, la chembe 80 hadi 120, hukata bila kuchemsha, na linafaa kuwa la kwanza kubadilishwa. Bobari ya kuviringisha hunolewa kwa mlalo wa nyuzi 45. Ndogo ya maumbo, 35 hadi 45. Patasi ya mshazari, pande zote mbili zikijumlishwa, 40 hivi. Kikwanguo, 70 hadi 80. Namba hizi hazina utakatifu. Kinachodai nidhamu ni kurudia mlalo ule ule kila mara, ili jiwe liguse chuma kidogo tu na zana isiliwe na fundi badala ya kuliwa na kazi. Kipande cha ubao kilichofungwa mbele ya jiwe, chenye tundu la kuegemeza kitako cha mpini, hushikilia pembe hiyo vizuri kama vifaa vya dukani. Chuma cha kaboni hutumbukizwa majini mara kwa mara wakati wa kunoa. HSS yenye moto haifai kutiwa maji ghafla, kwa kuwa ncha yake huweza kufanya nyufa ndogo. Huachwa ipoe yenyewe.

Mipini haina sababu ya kununuliwa. Zana huuzwa pia bila mipini, kwa bei ya chini, na mpini ni zoezi la kwanza linalofaa: kazi ndefu, isiyodai kipimo kikali, inayobaki karakanani ikimkumbusha fundi alipoanzia. Noleo, ile pete ya metali inayozuia mpini kupasuka pale chuma kinapoingia, hukatwa kwenye kipande cha bomba la shaba. Kwa urefu wa mpini, sentimita 25 hadi 30 zinatosha zana za kazi ndefu, na bobari ya bakuli hupewa 40 au zaidi ili mkono upate nguvu dhidi ya pigo.

Mbao za kujifunzia ziko karibu. Mukima, mti uliotoka mashariki mwa Australia na kupandwa kama kivuli na mpaka wa mashamba ya kahawa na chai ya Kiambu na Murang'a, hukerezeka bila shida na una madoa yanayong'aa ukikatwa kwa kufuata miale yake. Mjakaranda ni mwepisi na mpole, hasa ukiwa bado mbichi, na wachongaji wa Kenya wameutumia kwa muda mrefu badala ya miti migumu ya asili iliyoadimika. Mkaratusi hupasuka ukikauka, haumfai mgeni. Mti unaosahaulika ni mkahawa wenyewe. Ruiru ni nyumbani kwa kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na mashamba makubwa ya eneo hilo yamekuwa yakigeuka kuwa nyumba, mji wa Tatu City ukiwa mfano ulio wazi. Mashina yanayong'olewa, na yale yanayokatwa shambani wakati wa kuotesha matawi mapya, huishia jikoni kama kuni. Ni membamba, lakini mbao yake ni ngumu na laini usoni, inafaa mipini, vifungo vya droo na pia za watoto. Ncha zilizokatwa hupakwa nta au rangi nzito siku hiyo hiyo, la sivyo shina hupasuka hadi moyoni kabla halijakauka.

Bakuli huja baada ya haya yote, na huja na gharama zake. Bobari yake ina mfereji wa kina uliochimbwa ndani ya fimbo nzima ya duara, bila msuka mwembamba. Anayeagiza kutoka nje ajue kwamba Uingereza hupima bobari ya bakuli kwa upana wa mfereji na Marekani kwa unene wa fimbo, hivyo ya inchi 3/8 ya Sheffield ni ile ile ambayo Mmarekani huiita ya inchi 1/2. Moja ya ukubwa huo yatosha, pamoja na kikwanguo cha mdomo wa duara cha kusawazisha ndani. Kushika bakuli ndiko kunakogharimu. Kishikio cha taya nne mara nyingi huzidi bei ya zana zote zilizotajwa, na hesi yake lazima ilingane na ya mashine, jambo ambalo mashine ya kujengwa karakanani hailiahidi. Njia ya zamani bado inafanya kazi: kipande cha mbao taka hufungwa kwa skrubu kwenye sahani ya chuma ya mashine, kisha bakuli hugandishwa juu yake kwa gundi, katikati kukiwa na karatasi. Kazi ikiisha, patasi huingizwa kwenye karatasi na bakuli hutengana.

Vifaa vya kujikinga huhesabiwa katika bei ya zana za kwanza. Ngao ya uso inayofunika hadi kidevu ni bora kuliko miwani peke yake, kwa sababu kipande kinachoruka hakichagui jicho. Barakoa inahitajika zaidi wakati wa msasa kuliko wakati wa kukata: maranda marefu huanguka sakafuni, vumbi la msasa huelea. Mukima una kemikali inayoweza kuwasha na kubabua ngozi ya baadhi ya watu, na utomvu wa mwembe hufanya vivyo hivyo. Anayewashwa hunawa mikono na uso mara amalizapo, wala hajikingi kwa glavu, kwa maana glavu ikinaswa na mbao inayozunguka huuvuta mkono pamoja nayo. Mikono ya shati hukunjwa juu ya kiwiko au hubanwa kwenye kifundo, na kiegemeo husogezwa tu mota ikiwa imezimwa na mbao imesimama.